Shajara Iliyofungia Karanga

Ukitaka kuficha siri Dar es Salaam, iandike mtandaoni kwa Kiswahili sanifu, uweke na tarehe juu. Mimi nilificha za kwangu hivyo kwa miaka na miaka, na asingenijua mtu kama si karanga.

Nilianza kuandika shajara yangu kwenye blogu 2006. Enzi hizo intaneti ilikuwa ya kafe, jero kwa nusu saa, na robo saa nzima inaliwa ukurasa ukijifungua. Mkongo wa baharini ulikuwa bado. Ulifika 2009, na kabla yake kila nilichoandika kilipanda kwanza kwenye setilaiti ndipo kishuke. Ndesanjo Macha alikuwa ameshawaonyesha watu kwamba Kiswahili kinaandikika huko mtandaoni, na Issa Michuzi anarusha picha zake, watu wanazisubiri. Nikasema hata mimi ninayo ya kusema. Nilichokuwa nacho ni nyumba ya kupanga Mabibo: vyumba vinane, choo kimoja, na mita moja ya umeme wa kulipia kabla, luku.

Luku moja, wapangaji wanane. Aliyewahi kuishi hivyo haniulizi niliandika nini.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa mgao mkali, kwa hiyo kurasa za mwanzo ni giza tupu na malalamiko. Umeme ulipotulia ndipo nikaanza kuwaona watu vizuri. Sikumtaja mtu kwa jina, nina adabu zangu. Baba mwenye nyumba nilimwita Waziri wa Ardhi. Fundi cherehani wa chumba cha pili, ambaye mota ya cherehani yake ilikuwa ikinguruma mpaka Swala ya Isha, alikuwa Kiwanda. Yule bwana wa chumba cha sita nilimpa Uwanja wa Taifa, kwa sababu Yanga ikifunga bao yeye alikuwa anapiga ukuta, na ukuta wenyewe ni wangu. Dada wa chumba cha mwisho, karani wa mahakama ya mwanzo, alikuwa akinyoosha nguo za wiki nzima saa sita za usiku, watu wamelala, na umeme tunachanga sawa kwa sawa. Yeye alikuwa Pasi ya Usiku. Mama mkwe wangu, mwalimu mstaafu wa Korogwe, ambaye akija huinua kila sufuria na kulitazama chini, nilimwita Mkaguzi Mkuu.

Kipande ninachokipenda mpaka leo ni cha usiku wa kuamkia 2013, mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Dar. Waziri wa Ardhi alikuwa amegoma kununua king'amuzi. Alisema ni njama za wafanyabiashara, picha haiwezi kuzimwa, labda upepo umegusa antena. Saa sita na ushee akapanda juu ya bati na tochi mdomoni, mwanawe akawekwa mlangoni atazame skrini. Baba anazungusha, anauliza, "Vipi?" Mtoto anajibu, "Bado." Anazungusha tena. "Sasa?" "Bado, baba." Niliandika kila "bado" iliyosemwa usiku ule, na zilikuwa nyingi.

Wasomaji? Kuna kaunta pale chini ilikuwa ikihesabu wanaoingia. Wengi wao nilikuwa mimi. Alikuwepo na mmoja wa Muscat aliyekuja mara moja moja, nadhani alikuwa akitafuta kitu kingine.

Basi, Machi 2018 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu aombe leseni: laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni nyingine ada ya kila mwaka. Asiyekuwa nayo, faini isiyopungua milioni tano, au jela isiyopungua miezi kumi na miwili, au vyote viwili. Juni ilipofika tukaambiwa ambao hawajajisajili waache kuandika mara moja, na wawe wamejisajili kabla ya tarehe 15. Nikamuuliza mke wangu ushauri. Akaniuliza swali moja tu: "Ulipe milioni umwambie nani kwamba yule dada amepiga pasi?"

Nikaichapisha shajara yote kwenye karatasi, jioni baada ya jioni, kwa printa ambayo mwenye nayo hajui mpaka leo. Halafu nikaifuta mtandaoni. Nakala nyingine niliiweka kwenye flashi. Flashi ikaazimwa na shemeji yangu kwa siku mbili, ikarudi imejaa singeli. Kwa hiyo pakawa na nakala moja duniani, ndani ya boksi la mafuta ya kupikia, juu ya kabati.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Juni, mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku. Siku mbili tatu mji mzima ulikuwa ukitembea na nyanya mikononi. Karatasi ikawa mali. Na ni wiki hizo hizo mama mkwe alipokuja kumwona mjukuu.

Jioni moja nikitoka kazini nilinunua karanga za mia mbili kwa kijana anayesimama pale kona ya kituo. Alikuwa anazifunga kwenye karatasi iliyosokotwa, pana juu, ncha chini. Nikala nikitembea. Zilipokaribia kwisha nikaikunjua karatasi nikung'ute chumvi, na mafuta yalikuwa yameshaingia hivi kwamba maandishi ya nyuma yalitokeza mbele. Nikasoma: "...Waziri wa Ardhi leo amekuja kudai kodi amevaa lile shati lake la kampeni za mwaka..." Hapo ikachanika.

Kwanza nilifurahi. Nilidhani kuna mtu mwingine mjini anayeandika vizuri hivi. Ndipo jasho jembamba likaanza kunitoka.

Nilifika nyumbani natweta. Juu ya kabati boksi lipo. Ndani yake kuna viazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Pole na kazi."

"Asante mama. Samahani mama, lile boksi... lilikuwa na karatasi."

"Enhe. Nimempa yule kijana wa karanga. Maskini wamemnyang'anya mifuko, hana pa kufungia. Na zilikuwa zinaleta mende."

Sasa wewe ungemwambia nini mama mkwe? Nilisema asante mama. Nikasema umefanya jambo la maana sana mama. Nikatoka nje nikaegemea ukuta.

Asubuhi yake nikamwahi yule kijana, nikamwomba zile karatasi. Akaniambia haziuzwi, ndiyo mtaji wake. Nikaanza kununua karanga. Nilinunua za kwenda kazini, za kurudi, za usiku. Shida ni kwamba huchagui: unaweza kulipia ukapata ukurasa wa 2007 unaoeleza foleni ya maji, ambao hauna madhara kwa mtu yeyote, na huku mwenzako aliye nyuma yako kwenye mstari anaondoka na jambo la kuvunja ndoa. Tumbo lilinivuruga. Kijana naye hakuwa mjinga. Alipoona mtu mzima ananunua karanga, anazimwaga mfukoni, anasoma karatasi na kulaani, na yeye akaanza kusoma. Siku ya pili yake bei ilikuwa imepanda. Za kwenye gazeti mia mbili, za "hadithi" mia tano.

Na watu wakanunua! Huo ndio uliokuwa mshangao wangu mkubwa. Miaka yote ile na mtu mmoja wa Muscat, leo nina wasomaji wanapanga mstari. Saluni walikuwa wanabadilishana. Pale kwenye drafti nilimkuta mzee akiuliza nani ana mwendelezo wa mafuriko ya Desemba 2011, kwa sababu yeye ameachwa godoro liko juu ya meza na hajui kama lilipona. Lilipona, nilitaka kumwambia. Nikanyamaza.

Maana hakuna aliyejua mwandishi ni nani. Pale uani kwetu habari ilipofika moto uliwaka, na mimi nilikuwa wa kwanza kuukoleza. "Huyu mtu hana haya!" nilisema. "Anakaa na watu vizuri kumbe anaandika! Mkimpata mniite na mimi." Kiwanda peke yake hakukasirika. Alikuwa amepata ukurasa unaosema suruali zake hazipindi hata ukizilalia, akaubandika kwenye kioo cha banda lake. Uwanja wa Taifa yeye alilalamika jambo moja, kwamba kwenye ule ukurasa wake matokeo ya mechi yamekosewa. Hayakukosewa.

Aliyenimaliza ni Pasi ya Usiku. Mtu ameshinda mahakamani miaka yote hiyo, unategemea nini? Alikuwa ameanza kimya kimya kukusanya kurasa, kila moja ameiandikia pembeni kwa kalamu ya bluu: Kielelezo A, Kielelezo B, mpaka herufi zikamwishia akaanza namba. Jumapili mchana baba mwenye nyumba akaitisha kikao uani, mjumbe wa shina akaja kama shahidi. Vielelezo vikatandazwa mkekani, kila kimoja juu yake kokoto kisipeperuke. Vilikuwa vinanukia karanga kiasi kwamba mtoto wa chumba cha nne alikuwa akivilamba pembeni.

Dada akasimama. "Nyumba hii ina vyumba vinane," akasema. "Humu wametajwa wa cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, cha sita, cha saba na mimi wa cha nane. Naomba mtu yeyote anionyeshe mahali anapotajwa wa cha tano."

Uani kukawa kimya. Chumba cha tano nakaa mimi.

Nilitaka kusema labda mwandishi anamheshimu sana huyo wa cha tano. Hakunipa nafasi. Akainua karatasi moja iliyokuwa safi kuliko zote, hata tone la mafuta haina, akaisoma kwa ile sauti ya kusomea mashtaka: "'Kumi na moja alfajiri. Baridi ya Julai. Nimewasha hita ya maji, nimeziba chini ya mlango kwa taulo taa isionekane. Nusu saa maji tayari. Wenzangu wanaoga ya baridi. Mungu ni mwema.'"

Naomba nieleweke. Hita ile ilikuwa ndogo. Nilisema hivyo pale pale, na naendelea kusema. Lakini Waziri wa Ardhi alikuwa karani wa hesabu kabla hajastaafu, na alichukua kijiti akapiga hesabu mchangani mbele ya mjumbe: wati elfu moja na mia tano, nusu saa, ni robo tatu ya uniti kila alfajiri. Akazidisha kwa siku za mwaka. Akaanza kuzidisha kwa miaka, mjumbe akamwomba apumzike kidogo, wengine wameanza kulia. Hukumu ikatoka kwamba luku ya nyumba nzima miezi mitatu inunuliwe na chumba cha tano. Pasi ya Usiku akaongeza kuwa katika miezi hiyo mitatu yeye atanyoosha nguo mchana, mlango wazi, na atanyoosha na mapazia. Alinyoosha. Nadhani hata za wateja wa Kiwanda alinyoosha.

Mke wangu hakunisemesha siku ile mpaka usiku, na aliponisemesha ni kwa sababu mlango ulibishwa hodi. Alikuwa baba mwenye nyumba, peke yake, na kofia mkononi. Nikajua napewa notisi.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "mjukuu wangu ananisomea. Ninazo kurasa zangu karibu zote. Sasa pale nilipopanda juu ya bati, karatasi imechanika. Nilishuka saa ngapi?"

"Kumi na moja kasoro, mzee. Baada ya mama kukuita."

"Na picha?"

"Haikuja."

Akatikisa kichwa, akaaga. King'amuzi mpaka leo anacho kimoja, cha mjukuu, na hakiangalii.

Kijana wa karanga naye alinifuata wiki ile. Akiba ilikuwa imemwishia, amerudi kufungia kwenye karatasi za mitihani ya darasa la saba, biashara imelala. Aliniuliza kama naandika bado, na kama naandika, je, naweza kumpa na ya mtaa wa pili. Alikuwa tayari kutoa bei.

Mama mkwe aliondoka mwisho wa mwezi. Nilimsindikiza Ubungo, nikambebea begi, nikamtafutia siti ya dirishani. Basi likiwa limewashwa, akafungua mkoba wake akanipa bahasha ya kaki, nene. "Utasoma ukifika nyumbani, baba," akasema. Nilisoma pale pale stendi.

Zilikuwa kurasa zote za Mkaguzi Mkuu. Kumbe kabla hajaligawa lile boksi alikuwa amelipitia lote, akatoa zinazomhusu, zingine ndiyo zikaenda kwenye karanga. Na alikuwa amezisahihisha, kwa kalamu nyekundu, ukurasa kwa ukurasa. Nilipoandika kwamba chai yake ni ya vijiko vinne: "Vitatu. Na sukari nilikuja nayo." Nilipoandika kwamba anakoroma: "Ushahidi?" Mahali fulani nilikuwa nimeandika "swala" nikimaanisha jambo la kujadiliwa, akazungushia duara akaandika "Huyu ni mnyama." Pale nilipoandika kwamba siku mtoto wetu alipolazwa hakuondoka kitandani pake usiku kucha, hakuandika neno, aliweka alama ya vema.

Mwishoni, kulia, alikuwa amepiga mstari na kuandika 54/100. Mke wangu alipoiona alinuna mpaka kesho yake. Mama yake ndiye aliyemfundisha darasa la tatu, na hakuwahi kumvusha 50.