Kabla ya kusaka vigawo, tazama kama vipo

Walimu wenzangu wa hesabu, Unguja na Pemba, tuna mtindo mmoja wa kufundisha kufakta, yaani kuuvunja mtajo uwe vigawo vinavyozidishana. Tunaandika ubaoni x² + 5x + 6 na kuuliza: namba gani mbili zikizidishwa zinatoa 6, zikijumlishwa 5? Darasa zima linaitikia, mbili na tatu! Tunafunga mabano, (x + 2)(x + 3), tunahamia swali jengine. Zoezi zima linavunjika vivyo hivyo, kama kwamba kila mtajo umeumbwa uvunjike.

Sasa badili ile 6 iwe 3. Mwanafunzi atajaribu 1 na 3, jumla 4. Atajaribu −1 na −3. Atafuta, ataanza upya, atachungulia daftari la mwenzake, na mwisho ataamini kuwa hesabu si fungu lake. Kumbe hajakosea kitu: mtajo huo hauvunjiki kwa namba kamili.

Kinachoniudhi ni kwamba kipimo tunacho. Kwa mtajo ax² + bx + c, tafuta b² − 4ac. Ikiwa ni mraba kamili, yaani mraba wa namba kamili, vigawo vipo, la sivyo acha kusaka. Hapa ni 25 − 12 = 13, basi. Lakini tunakiweka hadi tufike kwenye kanuni ya milinganyo ya kipeo cha pili, na kufakta kushasahauliwa. Mchokoa pweza hatii kijiti kila tundu; hutazama kwanza magamba mlangoni.

Wapo wanaosema watoto watakuwa wavivu. Sikubali. Kipimo kinasema vigawo vipo, hakisemi ni vipi. Chukua 6x² + 7x − 20: 49 + 480 = 529, mraba wa 23. Vipo. Bado utafute namba mbili zitakazozidishwa zitoe −120, yaani 6 mara −20, zikijumlishwa 7. Ni 15 na −8. Unaigawa 7x iwe 15x − 8x, unakusanya mbili mbili: 3x(2x + 5) − 4(2x + 5), yaani (3x − 4)(2x + 5). Jasho lile lile, ila anajua halimwagiki bure.

Na kubahatisha hakukuwa njia pekee tangu zamani. Al-Khwarizmi, mwanahesabu wa Baghdad ya karne ya 9, hesabu ambayo leo tunaiandika x² + 10x = 39 aliifanya kwa kuchora mraba: akaongeza 25, ikawa 64, kipeuo chake 8, akatoa 5, akapata 3.

Zoezi lijalo changanyeni. Wekeni 2x² + 3x − 5 na 2x² + 3x − 4 pamoja, na atakayeandika "hauvunjiki" mbele ya huo wa pili akaonesha 41, mpeni alama zote.