Nani apimwe kwanza? Mita, mashindano na maji ya Unguja

Nyuma ya mlango wa stoo tunamoweka madumu ya maji, ukutani kwetu pana mistari ya chaki. Niliianzisha mimi, wiki ile mfereji wetu ulipokaa siku nne bila ya kutoa hata tone. Kila mtu wa nyumbani alipewa safu yake: ukichota dumu, unachora mstari chini ya jina lako. Ijumaa baada ya sala tunahesabu, na aliyetumia kidogo ndiye anayechagua kitoweo cha Jumamosi. Watoto waliupokea mchezo kwa shangwe. Wiki ya kwanza madumu yalipungua kweli.

Wiki ya pili nikaona mambo mengine. Mdogo wao alikuwa anashinda kwa kukwepa kuoga. Na dada yao mkubwa alikuwa wa mwisho siku zote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akifua nguo za nyumba nzima, akiosha vyombo vya wote na kumchotea bibi yake maji ya kutawadhia. Mistari yake ilikuwa mingi kwa kuwa kazi zake zilikuwa nyingi. Siku moja nikamkuta amesimama mbele ya ukuta, chaki mkononi, hachori. Nilipomuuliza kulikoni, akanambia: "Baba, na hili dumu la bibi niandikiwe mimi?"

Swali lile limenikaa. Kile nilichokifanya kwa chaki, kwengineko kinafanywa kwa mitambo, na kila yanapozungumzwa matatizo ya maji hapa Unguja na Pemba hukosi mtu wa kusema nasi tufanye hivyo. Mita ya kawaida husomwa mara moja kwa mwezi, na inapokuja bili, maji yameshakwenda zamani. Mita za kisasa hutuma taarifa kwa simu au kompyuta kila baada ya muda mfupi, mtu akaona maji yanavyotoka papo kwa papo. Juu ya hapo yanawekwa mashindano: skuli na skuli, dakhalia na dakhalia, mtaa na mtaa, nani amepunguza zaidi.

Wanaolipigia debe wazo hili wana ushahidi, na ni haki tuutazame vizuri. Cape Town, Afrika Kusini, wakati wa ukame mkubwa uliofikia kilele mwaka 2018, skuli 105 zilihusishwa katika utafiti wa aina hii. Zilifungiwa mita za papo kwa papo, zikapelekewa taarifa za matumizi yao, na baadhi zikashindanishwa. Matumizi yalishuka kwa asilimia 15 hadi 26. Kwa nchi yenye kiu, hicho si kiasi cha kudharau.

Lakini angalia chuo cha Oberlin huko Marekani, ambako mwaka 2005 mabweni ya wanafunzi yalishindanishwa kwa wiki mbili. Umeme ulipungua kwa asilimia 32. Maji yalipungua kwa asilimia 3 tu. Nadhani sababu yake haiko mbali: taa ya chumba kitupu unaizima na hupotezi kitu, ila kuoga, kufua na kupika havizimiki kwa kubonyeza ukutani.

Mfano ulionifanya nifikiri zaidi ni wa Uswisi. Watafiti waliweka bafuni kifaa kidogo kinachomwonesha anayeoga, pale pale maji yanapomwagika, ameshatumia lita ngapi. Katika nyumba karibu 700, nishati iliyotumika kupasha moto maji ya kuogea ilipungua kwa asilimia 22. Kisha kikajaribiwa kwenye hoteli sita, kwa wageni ambao hawalipii maji wala hawajulikani na mtu, na bado ilipungua kwa asilimia 11. Pale hapakuwa na mshindi wala zawadi. Palikuwa na namba tu mbele ya macho. Kwa hiyo kupima na kushindana ni mambo mawili, na tunayachanganya kila tunapoyataja kwa pumzi moja. Huenda sehemu kubwa ya faida inatoka kwenye kuona, na mashindano ni chumvi juu yake.

Kuona huko hakukuwa kugeni kwetu. Mwanamke anayebeba ndoo kichwani kutoka kisimani anajua kila kopo limekwenda wapi. Shingo yake ndiyo mita, tena ya papo kwa papo. Waliokuwepo Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 wanakumbuka, umeme wa kutoka bara ulipokatika miezi mitatu na pampu za maji nazo zikanyamaza. Visima vya zamani vikafufuka, foleni za madumu zikaanza kabla ya alfajiri, na nyumba zilizokuwa zikiacha mfereji wazi huku mtu anapiga mswaki zikajifunza kuoga kwa nusu ndoo. Hakuna aliyezihubiria. Bomba lilituondolea uzito wa maji, na ni jambo la kushukuriwa, hasa na wanawake. Ila pamoja na uzito likaondoka lile jicho. Hata kwenye umeme tumeliona hili. Tangu nyumba zifungiwe Tukuza, mita za umeme wa kulipia kabla, mtoto wa miaka kumi anajua pasi inakula uniti kuliko taa. Namba iko ukutani, inashuka, na kila mtu anaiona.

Mpaka hapo niko pamoja na wanaotaka mita. Ninapoachana nao ni pale wanapotaka kuanza na mitaa.

Mitaa mingi ya mjini maji hutoka kwa zamu. Saa nane za usiku unausikia mfereji unakohoa, unatema hewa, unatoa maji mekundu kidogo, kisha yanakuja. Nyumba nzima inaamka: ndoo, madumu, sufuria, beseni. Huyu unamwambia ashindane na nani? Ameshabanwa na zamu kabla hajabanwa na mita. Na kuna jambo la kiufundi ambalo wachache hulitaja. Maji yanaporudi baada ya kukatika husukuma mbele hewa iliyojaa mabombani, na hewa ile huweza kuizungusha mita kama vile maji yanavyoizungusha. Mahala penye mgao, mita inaweza kukuandikia upepo. Uje uweke mtaa wenye maji ya zamu kwenye ubao mmoja na mtaa wenye maji ya kila siku, utampa wa kwanza aibu asiyoistahili.

Aibu nayo ina madhara yake. Huko Cape Town, mwaka 2018, jiji liliweka kwenye mtandao ramani yenye vitone vya kijani kwa nyumba zilizotumia maji kidogo. Nia ilikuwa kuwasifu wanaojibana, lakini wako waliolalamika kwamba asiye na kitone anaanikwa mbele ya jirani zake. Nyumba isiyo na kitone inaweza kuwa na mgonjwa kitandani, mtoto mchanga, au watu kumi na wawili chini ya mita moja. Hapa kwetu tunaishi ukoo mzima katika ua mmoja. Ramani ya namna ile ingetuletea maneno, na maneno ya jirani hayafutiki kwa kupunguza lita.

Halafu kuna tabia ya binadamu. Katika jaribio moja la umeme huko California lililochapishwa mwaka 2007, nyumba zilizoambiwa kwamba zinatumia chini ya wastani ziliongeza matumizi: kama jirani anatumia zaidi, na mimi nina nafasi. Walipoongezewa alama ndogo ya uso unaotabasamu, ongezeko likatoweka. Na huko jimbo la Georgia, barua za kulinganisha jirani na jirani zilipunguza maji kwa karibu asilimia 5, kisha nguvu yake ikafifia kadiri miezi ilivyokwenda. Mashindano huchoka. Watoto wangu wenyewe, wiki ya tatu, mistari walikuwa wanaisahau mpaka uwakumbushe.

Wapo wanaosema sisi si watu wa kushindana, tutagombana. Siafiki. Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, pande mbili huteremka uwanjani wakapigana kwa vigomba na kutupiana maneno makali, na siku hiyo hiyo wakala pamoja. Kushindana bila ya kuvunja udugu tunakujua vizuri. Ila tazama sharti la ule mchezo: kila mmoja ana kigomba chake. Hapigwi mtu mikono mitupu.

Sasa tumtafute mwenye kigomba.

Kisiwa hiki hakina ziwa wala mto mkubwa. Hata mito kama Mwera huzama ardhini kwenye mawe ya matumbawe kabla ya kufika mbali. Tunachokunywa ni mvua ya masika na vuli iliyojificha chini. Kwenye pwani ya mashariki maji hayo matamu ni tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya bahari. Ukivuta pole pole, linabaki. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda, na kisima cha jirani ambaye hakuvuta chochote nacho kinaharibika. Muulize mkaazi yeyote wa zamani wa Jambiani au Nungwi kuhusu visima vilivyogeuka ladha.

Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha hesabu za pwani ile: mtalii mmoja alitumia kwa wastani lita 685 za maji kwa siku, mwenyeji lita 48. Kwa aliyelala hotelini ilikuwa lita 931, na karibu nusu yake ilikwenda kumwagilia bustani. Hesabu hizo ni za zamani, na baadhi ya hoteli leo zinasafisha maji ya bahari. Lakini wageni nao wameongezeka: mwaka 2023 walipindukia 638,000. Mtu anayetumia lita 48 ukimwambia apunguze asilimia 20, umemnyang'anya nusu dumu ambalo pengine ni la kupikia. Ukiipunguzia bustani ya hoteli asilimia hiyo hiyo, majani yatanyauka kidogo.

Wenye hoteli wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Wengi wamechimba visima kwa gharama zao, wanaajiri vijana wetu, wanalipa kodi, na mgeni aliyelipa fedha nyingi hapendi kuhubiriwa bafuni. Lakini kisima cha hoteli kinavuta kwenye tabaka lile lile analolitegemea mwanakijiji. Ukuta wa hoteli hauendi chini ya ardhi. Na yale majaribio ya Uswisi yanaonesha kwamba mgeni hana haja ya kuhubiriwa, anahitaji kuonyeshwa tu. Hata hivyo, kama nusu ya maji ilikuwa inakwenda bustanini, kifaa cha bafuni pekee kitakuwa pambo. Mita iwekwe kwenye mpira wa bustani, kwenye bwawa la kuogelea na kwenye kisima chenyewe, na matokeo yabandikwe ofisini kwa sheha, hoteli kwa hoteli, lita kwa kila mgeni. Hayo ndiyo mashindano ningeyashangilia. Hoteli zinashindana kwa nyota na kwa sifa za wageni. Hapo uwezo wa kushindana upo, na wa kupunguza pia.

Ningeipima pia Mamlaka ya Maji yenyewe, ZAWA, kwa moyo wa kuitakia mema. Ipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2006, baada ya miongo mingi ya maji ya bure, na kazi yake ni nzito. Lakini mwananchi hawezi kuombwa ahesabu makopo wakati bomba lililopasuka mtaani linamwaga wiki nzima. Kila wilaya iwe na ubao wake: maji yaliyosukumwa ni haya, yaliyofika majumbani ni haya, mivujo iliyoripotiwa imezibwa kwa siku ngapi. Wilaya zishindane kwa hilo. Mwananchi akiona wenzake wa juu wanahesabiwa, atakubali naye kuhesabiwa.

Kisha skuli, dakhalia na misikiti. Faida kubwa ya kupima papo kwa papo kwenye majengo ya aina hii haiko mchana, iko usiku. Ikiwa skuli imefungwa, hakuna mtu, na saa tisa za usiku mita bado inazunguka, hapo pana choo kinachovuja au boya la tangi limekufa. Mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde humwaga maelfu ya lita kwa mwaka, na dawa yake ni mpira wa shilingi chache. Hapo hakuna mtoto aliyekatazwa kunawa wala mzee aliyebanwa maji ya udhu. Na kwa misikiti, mfano tunao tayari: Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ujazo wa viganja viwili vilivyojaa. Mifereji yetu ya udhu inamwaga mara nyingi zaidi ya hapo kabla mtu hajafika kwenye miguu. Ubao mdogo wa namba mlangoni, wiki hii dhidi ya wiki iliyopita, ungetosha. Sioni haja ya msikiti kuushinda msikiti mwengine.

Nyumbani nimefuta majina. Sasa pana safu moja tu, ya nyumba nzima, na pembeni yake ile ya wiki iliyopita. Wiki hii tumezidisha madumu matatu, kwa sababu bibi alikuwa na homa na alihitaji kuogeshwa mara kwa mara. Binti yangu ndiye aliyeyachora yote matatu, na safari hii hakuniuliza kitu.