Bibi Ndiye Mteja Mpya

Intaneti ya Kenya, karibu yote, huingia nchini kwa mlango wetu. Sijigambi, ni jiografia tu. Juni 2009 waya wa TEAMS ulitua hapa Mombasa, mwezi uliofuata ule wa Seacom ukaanza kazi, na nyingine zimekuja baadaye, zote zikiibuka kutoka baharini huku kwetu kabla ya kuelekea Nairobi na kwingineko. Ungedhani basi mtu wa Kibokoni, hapa Mji wa Kale, atauziwa intaneti kwa bei ya shambani. Ng'o.

Mimi niliingia kwa 1,500. Bango lilikuwa limebandikwa ukutani karibu na Marikiti, kijana wa fulana ya kampuni amesimama chini yake akigawa makaratasi, na hiyo 1,500 imeandikwa kwa tarakimu ambazo nahodha wa jahazi akiwa nje ya Ngomeni angezisoma bila darubini. Maneno "kwa miezi mitatu ya kwanza" nayo yaliandikwa, siwezi kuwazulia. Yalikuwa chini kabisa, pale ambapo mganga wa kurudisha wapenzi alikuwa amebandika tangazo lake juu.

Miezi ile mitatu sina la kusema. Baba alitazama mpira, mama alisikiliza mawaidha, nami nilifanya kazi yangu ya hesabu za kampuni moja ya Nairobi nikiwa nimejifunga kikoi, maana mkubwa wangu huko haoni chini ya kifua. Kisha ikaja meseji: "Mpendwa mteja, asante kwa kuwa nasi. Kifurushi chako sasa ni Sh2,999 kwa mwezi." Hawa watu wakikuita mpendwa, shika mfuko.

Nikapiga simu. Baada ya muziki mrefu wa kinanda akapokea dada mmoja, sauti yake asali.

"Ofa hiyo ni ya wateja wapya, kaka."

"Na sisi wa zamani?"

"Nyinyi mnaendelea kufurahia huduma zetu."

"Kwa bei mara mbili?"

"Ndiyo, kaka. Kuna lingine ningekusaidia?"

Nikamuuliza kama ni kodi. VAT ni asilimia 16, naijua, na haikungoja mwezi wa nne ndipo ianze kutozwa. Ilikuwemo tangu kwenye ile 1,500. Nikamuuliza kama kasi imeongezwa. La, ni ile ile Mbps 10, na hizo nazo ni megabiti, si megabaiti: ukitaka kujua faili lako litashuka kwa mwendo gani, gawa kwa nane, upate moja na robo, kisha gawa tena kwa idadi ya watu waliomo nyumbani. Waya ni ule ule. Kisanduku ni kile kile juu ya nguzo. Kilichobadilika ni kwamba wamenizoea.

Na jirani yetu wa chini, aliyeunganishwa wiki hiyo hiyo nilipopandishiwa, akawa analipa 1,500 kutoka kisanduku kile kile. Akawa hata ananisalimia kwa furaha iliyopita kiasi.

Jioni nikalipeleka suala barazani. Muuza kahawa alikuwa ameshafika na dele lake, vikombe vyalia, na wazee wako kwenye mada yao ya kudumu, feri ya Likoni. Nikawasomea meseji yangu. Ami mmoja aliyestaafu bandarini akanywa kahawa yake mpaka kwenye machicha, akasema, "Kwani hiyo kampuni yakujua wewe, au yajua kitambulisho chako?"

"Kitambulisho."

"Basi. Bandarini shehena ikikwama kwa jina hili, hutoka kwa jina lile."

Usiku huo huo nikafunga akaunti yangu, na kaka yangu akawa mteja mpya. Ofa yake ilipokwisha, mama akawa mteja mpya. Akafuata baba, ambaye alidai kwanza anunuliwe kanzu. Kila mara alikuja fundi mwingine, akapiga misumari yake, akavuta waya wake na kuuacha wa mwenzake uking'inia. Ukuta wetu wa nje ulifikia kuwa na nyaya za kutosha mama kuanikia leso, na ile kanzu ya baba ilianikwa juu ya waya uliokuwa na jina langu.

Kasi ilikuwa ya kubahatisha, hilo nalo lisemwe. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, tulivumilia, kwa sababu lilikuwa jambo la kweli na nchi nzima iliumia. Lakini kampuni yetu iliuonja utamu wa sababu ile ikashindwa kuiacha. Mvua ikinyesha Tudor, waya wa baharini. Paka akiangusha ruta, waya wa baharini.

Vitambulisho vikaisha, akabaki Bibi. Bibi simu yake ni kabambe, ya kuongelea tu, na tochi. Nilipomweleza kwamba nataka awe mteja mpya, aliuliza swali moja: "Nitakwenda mahali?" Nikamwambia hapana. Akanipa kitambulisho, akarudi kwenye uradi wake.

Kumbe kampuni nayo ilikuwa imeamka. Yule kijana wa fulana akabonyeza simu yake, akakunja uso. "Bro, hii nyumba sistimu imeikataa. Ofa sasa ni mteja mpya na nyumba mpya."

Nyumba mpya Mji wa Kale! Ya mwisho kujengwa mtaani kwetu ina umri kumshinda babake. Lakini ng'ambo ya kichochoro anakaa Halati, mjane, hana mtoto nyumbani, hana intaneti, na ana kiu kubwa ya tamthilia za Kituruki. Tukakubaliana: ruta ikae kwake, atazame bure, mimi nilipe, waifai ivuke kichochoro ije kwetu. Kichochoro chenyewe watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu.

Fundi alikuja na drili, akautazama ukuta wa Halati, akacheka peke yake. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, na kuta zake unene wafika nusu mita. Waliozijenga walikusudia kuzuia joto, na kweli halipiti. Drili ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma, mpaka kipande cha chokaa kikang'oka na kutua katikati ya sinia la mahamri yaliyokuwa yakiumuka. Aliyoyasema Halati, kwa heshima yake, nayaacha kule kule kwake.

Jioni ruta ikawaka. Halati akapata Waturuki wake. Nikarudi kwetu na simu mkononi, natafuta. Ukumbini hakuna kitu. Chumbani kwangu hakuna. Jikoni kilitokea kimstari kimoja, nikasogea, kikapotea. Nikapanda darini, ikanishika kidogo, lakini jua la Mombasa juu ya mabati halina ofa. Nikashuka nimelowa jasho, nikaingia chooni kujimwagia maji, na simu ikapiga kengele. Meseji za siku nzima zikamiminika. Vimistari vimesimama vyote.

Dirisha dogo la choo chetu latazamana na dirisha la ukumbi wa Halati.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa ya watu wenye matumbo mabaya. Baba alikuwa akiingia na kutoka na kipindi kizima cha mpira. Mdogo wangu wa kike akahamishia humo masomo yake, na kigoda. Ukibisha mlango huambiwi "nipo", huambiwa "imebaki asilimia 20". Mama, ambaye hakuwahi kuugua tumbo maishani, akawa anaingia kila siku baada ya Magharibi kupiga simu ya video kwa dada yake Muscat, na dada yake akawa anauliza mbona siku hizi mnaongea kwa mwangwi.

Sasa Alhamisi mimi nina kikao cha Zoom na Nairobi, saa tisa alasiri. Nikakipangia kikao changu vizuri. Niliwatangazia wote mapema, nikafunika ndoo, nikaegemeza simu kwenye ukingo wa dirisha, na nyuma yangu nikatundika leso ya mama kuficha vigae. Sikuisoma. Nilikuwa katikati ya kueleza kwa nini mapato ya robo mwaka yameshuka pale mkubwa wangu aliponikatiza, "Samahani, hapo nyuma yako pameandikwa nini?" Nikageuka. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Akasema anapenda moyo huo, niendelee.

Nikaendelea, na kikao kikavuta. Ikaadhiniwa Alasiri. Kwenye nyumba ya choo kimoja, baada ya adhana kila mtu ana haki yake, na Bibi ana haki ya kwanza.

"We mtoto! Toka chooni, watu watawadha!"

Nikakimbilia kitufe cha kuzima sauti. Kidole, kwa jasho, kikagusa kile cha kugeuza kamera. Nairobi yote ikaona ndoo, kata, madodoki ya Bibi yakining'inia msumarini, na bakuli lenyewe. Kimya. Mkubwa wangu, ambaye ni mtu mstaarabu, alisema kwa upole, "Hakuna shida. Tunaweza kukusubiri umalize."

Hapo ndipo lilipoharibika zaidi, maana Bibi kule nje alisikia sauti ya mwanamume asiyemjua. Nikamsikia akirudi nyuma hatua mbili, kisha akipaza sauti kwa upande wa ukumbini: "Njooni! Humu chooni wamo wanaume wawili!" Baba akaja na bakora. Nilipofungua mlango alinipita, akachungulia nyuma ya pipa la maji, na kikao chote kikamwona akichungulia, mpaka mtu mmoja wa mauzo akamwamkia, "Shikamoo mzee." Baba aliitikia marahaba huku akitafuta sauti inatoka wapi.

Siku ya pili nikaipigia kampuni kuomba ruta ihamishwe ije ndani kwetu. Dada akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia ndiye ninayelipa. Akasema kwa usalama wa akaunti wao huzungumza na mwenye akaunti peke yake. Yaani kampuni iliyosahau bei yangu baada ya miezi mitatu haikuweza kusahau kwamba mteja ni Bibi.

Ofa ilipokaribia kwisha, wao wenyewe ndio waliopiga, kwenye ile kabambe. Bibi aliiweka kwenye spika kwa sababu hajui kuitoa.

"Mama, tungependa kujua maoni yako. Kutoka sufuri hadi kumi, je, unaweza kumshauri rafiki yako ajiunge nasi?"

"Mwanangu, rafiki zangu wote wako Kikowani, makaburini. Huko waya wenu hauwafai."

Dada alikohoa. Akajikaza, akaendelea kwamba kuanzia mwezi ujao malipo yatakuwa 2,999.

"Kwa nini?"

"Muda wa ofa umekwisha, mama."

"Muuza halua hukuonjesha ununue," Bibi akasema. "Lakini sijaona muuza halua ambaye ukishamaliza ratili ya kwanza, ya pili akakuuzia kwa bei mbili kwa kuwa ushaipenda. Wewe kwenu ni wapi, mwanangu?"

"Kisauni, mama."

"Kisauni ya wapi? Wewe ni mtoto wa nani?"

Ninaapa, hayo ndiyo maswali ambayo mimi sikuwahi kuyafikiria kwenye simu zangu zote. Dada akataja jina la babake, Bibi akauliza la bibi yake, na ndani ya dakika chache wakawa wamefika kwenye harusi moja ya zamani ambayo Bibi alipika na bibi yake dada alikuja kula, au kinyume chake, sikufuatilia vizuri. Mara dada anamwita "Bibi" badala ya "mama". Mara Bibi anaulizwa goti lasemaje. Nami nimeganda mlangoni na glasi ya maji.

Mwisho nikasikia, "Bibi, ngoja nizungumze na msimamizi wangu." Ule muziki wa kinanda ukalia, Bibi akautingishia kichwa, na dada akarudi: miezi mitatu mingine, 1,500, "lakini Bibi usiwaambie watu."

Nikamwomba Bibi, madamu wanamsikiliza, awaambie na ruta ihamie kwetu.

"Ikae huko huko," akasema. "Mkiipata ndani kila mtu atajifungia chumbani kwake. Sasa walau nawaona, kwenye foleni."

Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe kila jioni yuko kwa Halati na Waturuki, amekaa mbele ya televisheni na bakuli la bhajia, na mashaka yake juu ya yule mkwe mwenye ndevu huyaleta mpaka kwenye chakula cha usiku.

Miezi hiyo mitatu nayo itakwisha, na kwa bahati nzuri mpwa wangu wa Majengo anatimiza miaka 18 karibu na wakati huo. Nimejitolea kumpeleka mwenyewe Huduma Centre akajiandikishe kitambulisho, nauli juu yangu na viazi karai njiani. Shemeji yangu ameguswa sana. Huwaambia watu hajaona mjomba mwenye mapenzi hivyo. Mpwa mwenyewe ameshaniuliza nitamlipa ngapi, na kama nyumba ya kwao Majengo ina choo chenye dirisha.