Daftari la mtoto na taa za dagaa

Tulipopewa mtoto wa kulea hapa Kirumba, Mwanza, majirani walidhani mume wangu amezaa nje. Kisheria yanaitwa malezi ya kambo, na mtaani kambo ni mtoto wa mume au wa mke, basi. Nilieleza mpaka nikachoka.

Afisa ustawi wa jamii wa kwanza alikaa sebuleni robo saa. Anakula? Anakula. Shule anaenda? Anaenda. Nikasaini fomu, akaondoka. Mtoto alikuwa nje anacheza, hakumtazama hata usoni. Nami nilikuwa na jambo zito: mtoto wa miaka saba anakojoa kitandani, na nilishaanza kumgombeza.

Wa pili alikuwa dada aliyepanda kilima chetu kwa miguu. Alianza na mtoto, wawili tu, chini ya mwembe. Kisha akaniambia ninunue daftari, kila jioni niandike mistari miwili: amekula nini, amelalaje, nini kimemchangamsha au kumnyamazisha. "Usiandike kwamba ni mkaidi, mama. Andika ulichokiona."

Baada ya miezi miwili tulilifungua pamoja. Kidole chake kikasimama. "Mbona hapa wiki nzima kitanda kikavu, halafu siku sita mfululizo kimelowa?" Tukahesabu tarehe. Ilikuwa giza, zile siku mwezi hauonekani na wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa. Dirisha la mtoto linatazama ziwa. Kule mwaloni alikotoka, mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga, taa zikiwaka, aliyekuwa akimlea alikuwa majini, naye yuko peke yake kibandani hadi alfajiri. Tukahamisha kitanda, nikawa nakaa naye mpaka asinzie. Giza lililofuata kililowa mara mbili tu.

Mimi ndiye ninayemwona kila usiku, lakini bila yule dada nisingejua ninaona nini. Kazi hiyo ya kumfundisha mlezi kutazama ndiyo ninayoidai kwa maafisa wetu, kuliko fomu. Najua afisa mmoja anabeba kata nyingi, na wa Ukerewe anavuka maji kutoka kisiwa hadi kisiwa. Basi halmashauri zitenge nauli.

Na mtoto asikilizwe bila sisi kuwepo, kila ziara. Baadhi ya walezi ndio wanaomuumiza mtoto. Namba 116, ya simu ya kuripoti ukatili kwa watoto, ni ya bure, lakini mtoto wa miaka saba simu ataitoa wapi?