Jini Mahaba wa Digrii 200

Wino wa sablimesheni una tabia moja ambayo wauza mito ya picha hawapendi kuitaja mbele ya wateja: hautulii. Ukishakauka kwenye karatasi, kisha ukapigwa joto la kama digrii 200, hauna habari ya kuyeyuka. Unageuka moshi papo hapo, unaingia ndani ya nyuzi za poliesta na kuganda humo. Ndiyo maana mto wa picha hata ufuliwe vipi, sura haitoki. Pamba haiwezi kuushika, ila poliesta ikishaukubali hawaachani tena.

Lakini moshi ni moshi. Ukipata upenyo unatokea upande wa pili wa kitambaa, unajikalia kwenye mpira wa chini wa mashine ya kupigia joto, unangoja mwingine alazwe hapo umpande mgongoni. Kwa hiyo sisi wenye kazi hii hutia karatasi nyeupe tupu mahali pawili, moja ndani ya foronya na moja juu ya mpira. Mimi nazikata mapema na kuzipanga kwenye rafu, zote kipimo cha foronya.

Wiki hiyo nilikuwa na kazi ya arusi. Bwana arusi kapigwa picha na joho na kilemba, ndevu zimechongwa kwa wembe, na chini yake bi arusi kaagiza maneno ya kileso: NIMEKUPENDA WEWE TU. Foronya za satini nyembamba, rundo zima, maana alitaka kila pembe ya chumba anayoigeukia amwone mumewe. Nikaitwa Mtaa wa Biashara kuchukua zipu, nikamwachia mpwa wangu mashine. Kijana anaijua kazi: sekunde 60, ikilia unafungua.

Asilolijua ni kuwa nyanya alikuwa ameshapita kwenye rafu. Nyanya huuza mahamri barazani kwetu Majengo, na hakuna kinachomuudhi kama mahamri kufungwa kwa gazeti yakatoka na vichwa vya habari za siasa. Akaona karatasi nyeupe, safi, zimekatwa sawasawa. "Mjukuu wangu kanikatia, Mungu ambariki," akawa anawaambia wateja, na dua alizoniombea asubuhi ile zilinifanya nishindwe hata pa kuanzia kulalamika.

Mpwa wangu alipokosa karatasi akaendelea bila karatasi. Bwana arusi juu ya bwana arusi, palepale. Foronya za arusi zikatoka na bwana mbele na bwana nyuma, yule wa nyuma kafifia kidogo. Bi arusi akadhani ni bakshishi ya duka, akanitumia ujumbe wa shukrani wenye mioyo mitupu.

Kilichofuata mashineni kilikuwa kimto kimoja cha mama mmoja wa Likoni. Mumewe ni baharia, alikuwa melini muda mrefu na Alhamisi ndiyo anarudi. Mbele, watoto wao wawili wanacheka, na maneno: KARIBU NYUMBANI BABA. Mpwa wangu akatazama mbele, rangi zimekaa vizuri, akatia mfukoni. Nyuma ya mto nani hutazama?

Baharia ndiye aliyetazama. Usiku wa Alhamisi kala pilau lake, kaegemea, kaugeuza mto apate upande wa baridi, akakutana na mwanamume. Hafifu, wa samawati, ndevu zimechongwa, anamtazama kwa mahaba. Chini yake: UT EWEW ADNEPUKEMIN.

Huyo baharia kala sahani moja na Wafilipino, Wahindi na Wagiriki, lakini lugha hiyo hajaisikia bandari yoyote. Mamake aliitambua mara moja. "Hiyo ya majini," akasema. "Wao hawaandiki kama sisi, huanzia mwisho. Huyo ni jini mahaba, mwanangu. Wewe uko baharini, mwenzako keshahamia." Mkaza mwana anaapa, mavyaa anatafuta ubani.

Mambo yangeishia kwenye ubani. Yule mtoto mkubwa, ndiyo kwanza amejua kusoma, akauchukua mto akausimamisha mbele ya kioo cha kabati na kusoma kwa sauti: "Ni-me-ku-pe-nda we-we tu!" Mdogo wake akampigia makofi.

Hapo baharia akaanza kumtilia shaka jini. Jini gani anayejua Kiswahili sanifu? Tena akisogeza taa aliona shingoni mwa joho kijikaratasi cha namba, kama kile wanachobandika wakodishaji. Majini hayakodi joho. Huyu ni mtu, na mtu hutafutwa.

Ijumaa asubuhi akavaa kanzu yake ya swala, akapanda feri na mto kifuani, mamake nyuma. Feri ya Likoni saa hizo ina ndevu za kila namna, naye akazipitia moja moja, anatazama uso, anatazama mto. Nimeambiwa kuna mtu wa watu aliyechonga zake juzi tu, akaona bora akajifiche katikati ya magari.

Dukani kwangu aliingia kwa salamu. "Karibu, kakangu," nikamjibu. Hakukaa. Akauweka mto ubavuni mwa shavu langu, akatulinganisha. Mimi sina hata udevu wa kusemea. "Si wewe," akasema, kama mtu aliyepotezewa nauli.

Nilipougeuza mto nikajua yote. Nikaanza kueleza: printa huchapa picha kinyume ili ikifika kitambaani ikae sawa, sasa ile iliyobaki kwenye mpira nayo ikigusa mgongo wa mto mwingine inapinduka tena, na huo moshi...

"Moshi!" mamake akadakia kutoka mlangoni, maana ndani alikataa kuingia. "Si mwasikia wenyewe? Kasema moshi."

Wakati huohuo akaingia bwana arusi, yeye mwenyewe, mwenye ndevu, kaja kunimalizia salio langu. Akaona sura yake kifuani mwa mwanamume asiyemjua. Uso ukamchanua. "Hee! Na wewe wamekupa?"

Baharia akamshika ukosi. Nikajitia katikati, nikaomba wanipe nafasi niwaonyeshe kwa macho. Mashine kupata moto si jambo la mara moja, tukakaa tunangoja, hakuna anayemsemesha mwenzake, na nyanya akatuletea mahamri na mbaazi. Mahamri juu ya karatasi nyeupe, ya mraba, kipimo cha foronya. Bwana arusi alikula manne.

Moto ulipotimia nikachukua kitambaa cheupe. Baharia akakataa. "Cha kwako sikitaki, utakuwa ushakitia dawa." Akapandisha mguu kwenye stuli, akavuta upindo wa kanzu yake na kuulaza juu ya mpira. "Piga hapa."

"Kakangu, hiyo kanzu ni poliesta."

"Ndiyo nini?"

"Haitatoka."

"Nimesema piga!"

Nikafunga mashine. Kwa sekunde 60 baharia alisimama kwa mguu mmoja, kanzu imebanwa, jasho linamtoka kwa ule mvuke, na bwana arusi kando yake anamshikia bega asianguke. Mashine ikalia. Tukafungua, tukaugeuza upindo. Alikuwepo. Mwepesi zaidi, nusu ya ndevu zimeliwa, lakini joho lipo, na UT EWEW yake.

Baharia alitazama sana. Kisha akaanza kucheka, cheko la kukohoa, akamkumbatia bwana arusi, na bwana arusi akamwambia ukumbi uko wapi na aje na familia. Adhana ikawa inaanza, na kanzu nyingine ilikuwa ng'ambo, Likoni. Akatoka nayo hivyohivyo, upepo wa barabarani unaufunua upindo kila hatua ya pili.

Mamake hakucheka. Alimfuata kwa macho, kisha akainua mkono kusimamisha tuktuk.

"Cheka," akamwambia kijana wake. "Kwa mkeo limetoka, kwako limeingia. Mimi napanda peke yangu."