Mjusi wa kwenye chupa, apasuliwe au aachwe?

Wanaotafuta minyoo kwenye mijusi wa Ufilipino mara nyingi hata msituni hawaendi, wanaomba mijusi wa makumbusho, wale waliokaa kwenye spiriti miaka na miaka. Na hapo ndio ubishi unaanza, tumpasue au tumwache?

Naongelea Brachymeles, mijusi wachimbaji, karibu wote wako Ufilipino tu, Luzon, Mindanao na visiwa vya katikati, tena viumbe wa ajabu kweli maana wengine wana miguu minne na vidole vitano vizuri tu, wengine vimiguu vimebaki kama vijiti, wengine hawana kabisa, ukimwona utasema nyoka. Maisha yao ni kwenye udongo laini na chini ya magogo yaliyooza, wanakula wadudu humo humo, na minyoo mingine inaingia na huo msosi.

Wanaokataa kupasua wana hoja nzito. Mjusi mwenyewe mwembamba, mkasi ukiteleza kidogo umeharibu utumbo, na kuna spishi ambazo mijusi waliohifadhiwa ni wa kuhesabu. Halafu fomalini, dawa ambayo mijusi wengi huloweshwa kwanza kabla ya spiriti, inaikatakata DNA, kwahiyo mnyoo ukishampata unabaki kumtambua kwa umbo, mdomo na mkia, basi.

Ila mnyoo nae ana yake ya kusema. Ukimkuta utumboni kakomaa, kajaa mayai, jua hapo kwake. Ukikuta mnyoo mchanga, bado hajakomaa, kajikunja ndani ya kifuko nje ya utumbo, huyo anasubiri usafiri, mjusi aliwe na nyoka au ndege ndio akakomae huko. Yaani unasoma nani anamla nani bila kumwona hata mmoja akila. Na kama kuna mnyoo anayeishi kwa mjusi mmoja tu, msitu ukikatwa mjusi akaisha, nae kaisha, hatujampa hata jina.

Mi niko na wanaopasua, ila yule mjusi aliyetumika kuipa spishi jina asiguswe, wengine mkato mmoja tu wa tumboni, na minyoo iwekwe kichupa chake chenye namba ya mjusi (hii ya namba watu wanaidharau, siku mnyoo akipotezana na mjusi wake ndio utajua). Na usipasue wawili ukakuta watupu ukaandika hawana minyoo, wawili sio kitu. Wanaokamata mijusi leo ndio hawana kisingizio kabisa, minyoo itolewe kabla ya fomalini na michache iingie moja kwa moja kwenye spiriti kali, DNA ibaki.