Kutoka wodini kwenda upasuaji wa kutwa sio kukimbia kazi

Hizi kauli za "umeenda kupumzika" zimenichosha jamani. Nesi akitoka wodini akaenda kituo cha upasuaji wa kutwa, yaani kule mgonjwa anaingia asubuhi anafanyiwa ngiri au mtoto wa jicho au tonsili na jioni yuko kwake, basi maneno yanaanza, eti ameacha unesi wenyewe, eti kule ni kupima presha tu na kusubiri saa ya kutoka. Mi nimekaa wodi ya upasuaji miaka mingi kabla sijahama na nasema wazi kabisa, wanaosema hivyo hawaijui hiyo kazi, na kibaya zaidi wanawakatisha tamaa manesi walewale ambao ndo wanahitajika kule.

Wodini una muda. Mgonjwa usipomwelewa saa nane utampima tena saa kumi, ukimaliza shifti unamwambia mwenzako kwenye makabidhiano huyu wa kitanda cha dirishani mwangalie sana, na daktari wa zamu yupo. Kule hakuna wa kumwachia, jioni mgonjwa yuko nyumbani na ndugu ambaye pengine hajawahi kuuguza mtu, kwa hiyo lile jicho la kujua mtu anaanza kubadilika kabla mashine haijalia, ambalo wodi imekupa kwa miaka, unatakiwa ulitumie lote ndani ya saa moja au mbili halafu useme aende au asiende.

Kuna alama za Aldrete, zipo tangu 1970, mgonjwa akitoka thieta unaangalia anavyosogeza viungo, anavyopumua, presha, fahamu na oksijeni, kila kimoja 0 mpaka 2, na sehemu nyingi akifikisha 9 kati ya 10 anatoka chumba cha kuamkia. Ni kipimo kizuri na natumia kila siku. Ila nimewahi kuwa na mzee wa ngiri, alama zote ziko sawa, presha nzuri, maumivu anasema hana, kashavaa na viatu ananiambia mwanangu niko sawa niacheni niende. Nikawa kila nikipita namkuta kajisogeza upande mwingine wa kiti, mkono chini ya kitovu. Nikamuuliza kama amekojoa, akasema atakojoa nyumbani. Nikamlaza nikamgusa, kibofu kimejaa kigumu kabisa, tukamwita daktari akawekewa mpira wa mkojo na mkojo uliotoka ulikuwa mwingi mno. Huyo angeondoka vile saa nne usiku angekuwa analia kwa maumivu na hakuna anayejua afanye nini. Hakuna alama hata moja kati ya zile tano inayouliza mkojo, aliyeniambia niangalie ni wodi.

Halafu kuna kuelekeza, ambako mi naona ndo moyo wa kazi yenyewe. Wodini unamfundisha mgonjwa kidonda kidogokidogo, leo bendeji, kesho dawa, kesho kutwa mazoezi. Huku una dakika chache na mtu ambaye amepewa midazolamu, dawa ya kumtuliza na kumsinzisha, anakutazama usoni, anaitikia ndiyo sista, ndiyo sista, na kesho hakumbuki hata kama mliongea, maana dawa yenyewe inazuia kumbukumbu. Kwa hiyo unamfundisha ndugu aliyekuja naye, unaandika, na unamwambia haya nirudishie wewe, damu ikilowesha bendeji unafanyaje, homa ikipanda unampigia nani, na yale ya saa 24, asiendeshe gari, asinywe pombe, asisaini makaratasi ya maana, asiachwe peke yake. Akikwama hapo unarudia mpaka ashike, hata kama nje wanakuharakisha kwamba kiti kinahitajika. Daktari wa upasuaji James Nicoll wa Glasgow, Scotland, aliporipoti 1909 operesheni karibu 9,000 za watoto ambao hawakulazwa, manesi kuwafuata watoto nyumbani ilikuwa sehemu ya mpango wake, yaani tangu mwanzo hii kazi haikuishia mlangoni. Siku hizi wengi tunapiga simu kesho yake, na mi hiyo simu naipigania, isifanywe kwa kutimiza wajibu tu.

Ukiitwa intavyuu usiulize mshahara tu. Uliza mgonjwa akizidiwa anapelekwa hospitali gani na anapelekwaje, maana hapo kituoni hakuna ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Uliza kama wanatumia gesi za usingizi na kama wana dantrolini, ile dawa ya kuwaokoa baadhi ya watu ambao joto linapanda na misuli inakakamaa ghafla kwa sababu ya dawa za usingizi, hali hiyo ni nadra ila inaua. Mtu wa kilo 70 dozi ya kuanzia ni miligramu 175, kwa zile chupa za miligramu 20 hizo ni chupa 9, kila moja inakorogwa na mililita 60 za maji ya sindano, sasa waulize ni mikono ya nani itakoroga na mara ya mwisho walifanya lini mazoezi. Wakibabaika kujibu, fikiria mara mbili.

Mshahara nao uangalie vizuri, posho za usiku na sikukuu zinaweza kukatika, na ile ya kutoka mapema inategemea mgonjwa wa mwisho ameamkaje. Na utawakosa watu, hilo silifichi, ile ya kumjua mgonjwa wiki nzima mpaka unajua wajukuu zake kwa majina, huku haipo.

Ila wakubwa wa hivi vituo mnaotangaza nafasi mnaandika lazima awe amefanya thieta, naomba mlifikirie upya hili. Orodha ya WHO ya 2008 ya kukagua usalama wa upasuaji, kuweka alama upande unaopasuliwa, kupanga vifaa, hayo nesi makini wa wodi akisimamiwa vizuri atayashika ndani ya miezi. Kujua kwamba mzee anayesema yuko sawa hayuko sawa kunachukua miaka, na hao wenye hiyo miaka mnawarudisha mlangoni kwa sababu ya mstari mmoja kwenye tangazo.